Sebule Haihitaji Mkopo

Nyumba za Ngumo, Golf Course, Woodley na Kibera, hapa Nairobi, zinatofautiana kodi, ukubwa na hata maji, lakini maneno yanayosemwa kuhusu sebule zake ni yaleyale. Ati sebule ya kupendeza ni ya mwenye pesa. Ati kazi ya fundi haidumu. Ati mpangaji asihangaike kupamba nyumba ya wenyewe. Maneno haya yanawagharimu watu fedha, na kibaya zaidi yanawakalisha miaka nenda miaka rudi katika chumba wasichokipenda, wakingoja siku mambo yatakaponyooka. Nataka kuyajibu moja moja, nikianzia Kenyatta Market, kwa sababu karibu kila jibu linapatikana pale au mwendo mfupi kutoka pale.

"Kenyatta Market ni nyama choma na kusukwa tu."

Moshi wa nyama hauna mpinzani, hilo sibishi, na mwanamke hapiti hapo bila kuitwa na wasusi wawili watatu kabla hajafika katikati. Lakini baina ya majiko na viti vya wasusi kuna vibanda vya mafundi cherehani, na hao ndio moyo wa hoja yangu yote. Fundi anayeweza kukata gauni la kitenge likakaa sawa begani na kiunoni hashindwi na pazia, ambalo ni mistari iliyonyooka, wala na foronya ya mto wa kochi. Hata hivyo watu huvipita vibanda hivyo wakaenda kununua mapazia yaliyoshonwa tayari kwa kipimo cha dirisha la mtu mwingine. Wakiyatundika nyumbani, yanaishia shubiri moja juu ya sakafu au yanaburura vumbi.

Msikilize fundi mzuri akipokea kazi ya pazia. Haanzi na rangi. "Mama, ulipima dirisha ama ulipima chuma?" Mara nyingi mteja amepima dirisha. Basi atafundishwa palepale: chuma cha pazia kipite dirisha kwa sentimita 15 hadi 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa lisizibe kioo, nacho kifungwe juu, karibu na dari, chumba kionekane kirefu. Kisha upana wa kitambaa uwe maradufu ya upana wa chuma, la sivyo hakutakuwa na mikunjo ya maana. Chuma cha mita 2 kinataka kitambaa cha mita 4. Ukitaka kubana matumizi, bana kwenye aina ya kitambaa, usibane kwenye upana wake. Kitambaa cha bei ya chini chenye mikunjo ya kutosha hupendeza dirishani kuliko kitambaa ghali kilichotandazwa kikabana. Na kama ni pamba, kiloweke na ukikaushe kabla hakijakatwa, maana pamba hurudi ikioshwa.

Mito ya makochi hunisikitisha zaidi, kwa vile hesabu yake ni nyepesi na bado watu huilipia bei ya duka kubwa. Kitenge huwa na upana wa takriban sentimita 115. Kata ukanda wa sentimita 48 ukikatisha upana wote. Kipande cha 48 kwa 48 ndicho uso wa mto. Vipande viwili vya 48 kwa 32 vinapandana nyuma, mto unaingizwa katikati yao, na huhitaji zipu wala vifungo. Jumla ni sentimita 112, zinabaki 3. Ukanda mmoja, foronya moja ya mto wa sentimita 45. Kitenge cha yadi 6, yaani kama mita 5 na nusu, kinatoa foronya 11. Yadi 2 zinatoa 3, na sebule ya kawaida haihitaji zaidi ya hizo. Kabla hujanunua hata hizo yadi 2, muulize fundi mabaki. Anayeshona vitenge kila siku hakosi mfuko wa vipande chini ya meza, na foronya yenye uso wa kitenge na mgongo wa kitambaa cha rangi moja huvutia kuliko ile yenye maua pande zote.

"Viti vikichakaa, dawa ni kununua vipya, ikibidi kwa lipa mdogo mdogo."

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kochi ni fremu ya mbao, sponji na kitambaa cha juu. Kitambaa huchakaa kwanza, sponji hufuata. Fremu ya mbao ngumu iliyoungwa vizuri huvizika vyote viwili na kungoja vingine. Anayetupa kochi kwa sababu limechubuka anatupa sehemu ya thamani kwa kosa la sehemu rahisi. Na mbao nchini Kenya si kitu cha kutupa. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, marufuku ambayo Rais William Ruto alitangaza Julai 2023 kuwa yameondolewa. Katika miaka hiyo mbao ziliadimika na bei ikapanda. Kochi la zamani ulilorithi kwa wazazi, lile unaloona haya wageni wakilikalia, huenda lina mbao ambazo leo usingezimudu.

Lijaribu hivi. Shika kona moja ya mbele, uiinue kama shubiri moja. Mguu wa pili wa mbele ukiinuka mara moja pamoja na ule unaoushika, fremu bado nzima. Ukibaki umekanyaga sakafu huku kochi likijipinda, viungo vimelegea, na viungo hurekebishwa kwa gundi na skrubu. Sikiliza pia: mlio wa mbao ikisuguana na mbao ni kazi ya saa moja kwa fundi, lakini mlio wa kitu kinachovunjika ni habari nyingine, na hapo nakubali ulitoe.

Mafundi wa viti wamejipanga kandokando ya Ngong Road, na upanuzi wa barabara umewasogeza bila kuwamaliza. Mpe mmoja wao kazi ya kubadilisha sponji na kitambaa, ila sponji uichague wewe. Ubora wake hupimwa kwa uzito wa ujazo. Ya kukalia kila siku iwe na kilo 30 kwa kila mita ya ujazo, au zaidi. Nyepesi iende mgongoni, ambako haibebi mwili mzima. Mkononi zote huonekana sawa zikiwa mpya, kwa hiyo tumia mizani. Kipande cha sentimita 60 kwa 60 chenye unene wa 12.5, kikiwa cha kilo 30, kina uzito wa kama kilo 1.35. Kikiwa cha kilo 18, hakifiki hata kilo moja. Tofauti ya nusu kilo mizani yoyote inaionyesha, hata ya muuza nyama.

Kuhusu lipa mdogo mdogo sina mengi. Jumlisha malipo yote hadi la mwisho, uweke kando ya bei ya taslimu, kisha kando yake uweke gharama ya sponji, kitambaa na ufundi. Sijaona hesabu hiyo ikimtetea muuzaji wa viti vipya pale fremu ya zamani ilipokuwa nzima.

Neno moja niliweke hapa, kwa sababu wengi wakisikia bei nafuu hufikiria kumkaba fundi. Kupatana bei ni desturi ya soko, na fundi mwenyewe anaitarajia. Kumbana mpaka abaki bila ujira wa siku ni dhuluma, na pia ni hasara kwako. Aliyebanwa hutafuta pa kupunguza, na pa kupunguza ni ndani ya kochi, usipopaona: pini za stepla badala ya skrubu, sponji ya mabaki iliyobandikwa vipande vipande, mikanda ya mpira iliyoachana. Mlipe vizuri, umwombe akuonyeshe kazi kabla hajaifunika. Ni haki yako kuona, na fundi anayejiamini hukuita mwenyewe uje kuangalia.

"Mapazia ya mitumba ni takataka za watu."

Soko la mitumba la Toi, pale mpakani mwa Kibera na Woodley, limeungua zaidi ya mara moja, na kila mara wafanyabiashara wamerudi na wateja nao wakarudi. Watu hawarudii takataka hivyo. Ndani ya mabeli ya mapazia hutoka kitani, pamba nzito na mapazia yenye bitana, vitambaa ambavyo dukani vingekuwa nje ya uwezo wa wengi wetu. Usitafute pazia lililo tayari kwa dirisha lako. Tafuta kitambaa kizuri, kisha ukipeleke kwa fundi wa Kenyatta Market akifumue na kukishona upya. Kitambaa cha meza kikubwa kinatoa mapazia mawili mafupi. Mfuko wa duveti ukifumuliwa pembeni unafunika kochi zima.

Kabla ya kulipa, kiinue kuelekea jua. Sehemu iliyokaa dirishani miaka mingi huonekana: nyuzi zimekonda, mwanga unapita kwa madoa madoa, na ukivuta kidogo utasikia mpasuko. Kitambaa kama hicho acha, hata kama rangi inakuita. Katika jambo moja wanaoogopa mitumba hawajakosea, nalo ni kunguni. Kitambaa kiloweke kwa maji moto siku ileile. Kiti kilichotumika kisipite mlangoni kabla hujakagua mishono yake na upande wa chini kwa tochi.

"Vitambaa, kanga na vikapu ni ushamba."

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linawadharau mama zetu. Vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, vile vyeupe au vya rangi ya maziwa vinavyotandikwa migongoni mwa makochi, vilikuwa kazi ya jioni ya wanawake wengi wa nchi hii. Vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, viliwafunza wanawake kushona na kufuma, na ujuzi huo ukapita kutoka kwa mama hadi kwa binti bila shule wala cheti. Na vilikuwa na kazi ya kufanya. Kichwa chenye mafuta kikiegemea kochi huacha doa lisilotoka; kitambaa hudaka mafuta, kikafuliwa Jumamosi, na kochi likabaki safi. Wazungu wa karne ya 19 walitandika vitambaa vya namna hiyo kwa sababu ileile. Mtu anayetoka kusukwa Kenyatta Market, ngozi ya kichwa iking'aa mafuta, akaketi kwenye kochi la kitambaa cha kijivu kisicho na kinga, atajua bibi yake aliona mbali.

Wanaosema vinajaza chumba wana sababu, lakini wamelaumu kitu kisicho na hatia. Kasoro huwa kwenye idadi. Kitambaa juu ya kochi, juu ya stuli, juu ya runinga, juu ya redio, juu ya jagi, kila kimoja na rangi yake: jicho halipati mahali pa kutulia. Punguza. Acha vya migongoni tu, vyote vya rangi moja, na kile kilicho bora kuliko vyote, kile ambacho mfumaji alichukua mwezi kukimaliza, kitandaze juu ya kitambaa cheusi au cha bluu iliyokoza, ukiweke kwenye fremu ukutani. Utaona hesabu ya mishono ilivyo sahihi, duara ndani ya duara, na wageni watauliza umekinunua wapi.

Kanga vilevile. Doti moja ni vipande viwili, kila kimoja kama mita moja na nusu kwa zaidi kidogo ya mita, na tayari kina pindo lake na mji wake, yaani sehemu ya katikati. Mchoraji amekwisha kukupangia picha. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo kanga zake huandikwa Mali ya Abdulla, imekuwa Mombasa tangu mwaka 1887, na Nairobi kanga na vikoi hupatikana Biashara Street. Seremala akikupigia fremu nyepesi ya mbao, ivute kanga juu yake na uibane nyuma kwa pini za stepla. Anza katikati ya kila upande ukielekea pembeni, isije ikapinda. Picha ya ukutani ya ukubwa huo dukani ingekuwa karatasi iliyochapishwa maelfu kwa maelfu.

Viondo vya katani vinavyouzwa Kariokor si lazima vipelekwe sokoni. Kimoja kikubwa kando ya kochi huficha midoli ya watoto au viatu vya nyumbani. Kingine hupokea chungu cha mmea, mradi uweke kisahani ndani kisilowe. Mkeka wa ukindu chini ya meza hufagiwa tu, kazi ikaisha. Zulia la manyoya meupe, ambalo wengi huliona ndilo sebule yenyewe, halikubaliani na udongo mwekundu wa Nairobi: likishachafuka hubebwa hadi mahali pa kuoshea magari, na kila safari ni pesa.

Kama kuna anayedhani kupanga vyombo ukutani ni tabia ya kimaskini, atazame Lamu. Nyumba za mawe za karne ya 18 zilikuwa na zidaka, safu za vishubaka vya chokaa kwenye ukuta wa ndani kabisa, ambamo bakuli na sahani za kaure zilizoletwa na majahazi zilipangwa zionekane. Hao walikuwa matajiri, na walichofanya ni kuchagua ukuta mmoja na kuweka hapo walichokuwa nacho. Rafu mbili za mbao zilizopigwa kwa ukuta wako, zenye kibuyu, chungu na jiwe la sabuni kutoka Tabaka, zinafuata kanuni hiyohiyo.

"Rangi ya kisasa ni kijivu na nyeupe."

Kisasa cha wapi? Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Julai yake ni mawingu kutwa. Katika fleti nyingi dirisha la sebule linatazamana na ukuta wa jirani. Ukipaka kijivu ndani ya chumba hicho, na katikati ya dari ukaning'iniza balbu moja nyeupe, umejipatia korido ya ofisi. Rangi za krimu, mchanga, chungwa hafifu au kijani cha majani makavu hurudisha ule mwanga kidogo unaoingia na kuupa joto.

Na balbu ibadilishwe kabla ya rangi, kwa kuwa ndiyo mabadiliko ya bei ndogo kuliko yote niliyoyataja. Soma boksi. Iliyoandikwa 6500K hutoa mwanga mweupe wenye ubaridi. Ya 2700K au 3000K hutoa mwanga wa manjano unaofanya nyuso za watu na mbao zipendeze. Balbu ya LED ya wati 9 inaangaza kama ile ya zamani ya wati 60. Toa mwanga darini ukauweke pembeni, kwenye taa ya mezani au ya kusimama yenye kofia ya kitambaa, na chumba kitabadilika usiku huohuo bila tone la rangi.

Ukiamua kupaka, piga hesabu kabla ya kuingia dukani, kwa sababu muuzaji atakupa debe la lita 20 kwa moyo mkunjufu. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Sebule ya mita 4 kwa 3.5 yenye kimo cha mita 2.6, ukitoa mlango na dirisha, ina kama mita za mraba 35. Mikono miwili itakula lita 6 hadi 7, yaani makopo mawili ya lita 4 yanatosha na kubaki. Ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya kochi, unamalizwa na lita 2.

"Nyumba si yako, ya nini kuipamba?"

Watu wengi wa Nairobi ni wapangaji, na wengi watapanga maisha yao yote ya kazi. Kumwambia mtu asiishi vizuri mpaka ajenge kwao ni kumwambia asubiri uzee. Watoto wanakulia katika sebule hiyo ya kupanga, hapo ndipo wanapofanyia kazi za shule na kupokea wajomba na shangazi, na hapo ndipo watakapopakumbuka.

Tofautisha tu kinachobaki na kinachohama. Dari la jipsamu, vigae na nyaya mpya za umeme ni mali ya mwenye nyumba. Usimwekee hata kimoja kwa pesa zako kabla hamjaandikiana. Rangi iko katikati: muombe ruhusa kwa ujumbe wa simu ili jibu libaki, na umuulize jina na namba ya rangi ya awali, kwa sababu siku ya kuhama utatakiwa kurudisha ukuta ulivyokuwa kabla ya kudai deposit yako. Lakini kochi lenye fremu imara, mito, kanga kwenye fremu, viondo, mkeka, taa zenye kofia na chuma cha pazia chenyewe vyote vinapanda lori pamoja nawe. Mapazia pia, ukimwambia fundi mapema. Mwambie aache pindo la chini la sentimita 15 badala ya 5, na alishone kwa mshono mmoja tu. Dirisha la nyumba inayofuata likiwa refu zaidi, pindo hilo linafumuliwa, linapigwa pasi, na pazia linafika chini bila kuongezewa kitambaa.